Ulidhani Kaseti Zilizikwa na Redio ya Guka? Zingine Bado Zinalinda Data ya Dunia

Wacha tuanze na stori ya 2011. Jumapili tarehe 27 Februari, watu fulani waliamka, wakafungua Gmail, wakapata iko tupu kama friji ya bachela tarehe 28. Barua za mapenzi, risiti, barua za kazi, zote zimehepa. Ukiambiwa ni asilimia 0.02 tu ya watumiaji utasema hiyo ni kidogo, lakini kama uko ndani ya hiyo 0.02, kwako ni asilimia 100.

Sasa utasema, si Google wako na nakala kwa vituo tofauti vya data? Walikuwa nazo. Shida ni kwamba sasisho la programu ya kuhifadhi data lilikuja na kasoro, na kasoro ya programu haijali kama nakala iko bara gani. Ikiweza kuifikia, inaiharibu. Nakala kadhaa zikapigwa kwa mpigo mmoja.

Unajua kilichowaokoa? Tepu. Ndio, tepu ya sumaku, binamu wa ile kaseti buda yako alikuwa anacheza kwa redio. Zilikuwa zimewekwa kando, nje ya mtandao, na ile kasoro haingeweza kuzigusa. Ilichukua siku kadhaa, lakini barua zikarudi.

Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu hiyo boksi ya plastiki. Venye imetengenezwa, mbona haikwami kama kaseti ya zamani, na mbona hii stori inakuhusu hata kama simu yako ndio kompyuta yako ya pekee.

Biro, kaseti na machozi

Kama ulizaliwa kabla ya 2000, unajua hii sayansi. Kaseti inakwama, unaivuta pole pole, tepu imejikunja kama tambi, unachukua biro, unaingiza kwa lile shimo, unazungusha hadi iingie yote. Ukiicheza tena, pale ilipokunjwa msanii anaimba kama yuko chini ya maji.

Hiyo kaseti ilitolewa na Philips mwaka wa 1963, na ilitengenezewa sauti. Kwa sauti, makosa kidogo si noma. Sikio lako linasamehe. Ngoma ikiteleza nusu sekunde, unaendelea kudensi.

Kompyuta haisamehi. Biti moja ikigeuka kwa faili ya mishahara, mtu wa elfu kumi anaweza kuandikiwa hesabu ya ajabu. Ndio maana miaka ya 70 na 80, wakati watu wa kompyuta za nyumbani walianza kutumia kaseti za muziki kuhifadhi programu, walienda mos mos. Kulikuwa na utaratibu wa mwaka wa 1975 ulioitwa Kansas City standard, uliogeuza data kuwa milio miwili tofauti. Spidi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, picha moja ya simu ya megabaiti 3 ingechukua zaidi ya masaa 22 kuingia kwa tepu. Na ungehitaji rundo la kaseti. Picha moja, wadau.

Kwa hivyo swali lililokuwa kwa meza ya wahandisi ni hili: unaundaje kaseti ambayo haitegemei bahati?

Kwanza, mtu asiguse tepu

Kompyuta kubwa za zamani zilitumia tepu kwa rili wazi, kama zile unaona kwa filamu za kitambo zikizunguka ukutani. IBM walitangaza mashine yao ya 726 mwaka wa 1952, na hiyo ilikuwa teknolojia noma kwa wakati wake. Lakini kila wakati ukitaka kuisoma, mfanyakazi lazima aishike rili, atoe ncha ya tepu kwa mkono, aipitishe kwa mashine. Mikono ina mafuta, kuna vumbi, kuna haraka ya kwenda lunch.

Na vumbi si mchezo. Hedi, yaani kile kifaa kinachosoma na kuandika, iko karibu sana na tepu. Chembe ya vumbi ikiingia katikati, inainua tepu kutoka kwa hedi, na hapo data haisomeki. Ni kama kokoto chini ya godoro.

Suluhisho likawa kufungia tepu ndani ya boksi ambayo binadamu hafungui. Hiyo boksi inaitwa katriji. Ukiishika, unashika plastiki. Mlango wake unafunguliwa na mashine peke yake, ikishaingia ndani.

Rili mbili ama moja?

Hapa ndio wahandisi waligawanyika kama mashabiki wa Gor na Ingwe.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Marekani ya 3M ilitoa katriji ya DC300, yenye tepu ya upana wa robo inchi na rili mbili ndani, kama kaseti. Ujanja wake ulikuwa mpira. Ndani kulikuwa na mkanda mwembamba unaovutika, uliozunguka na kubana rili zote mbili kutoka nje. Mashine ilizungusha roli moja tu, roli ikavuta mkanda, mkanda ukazungusha rili zote na kuiweka tepu ikiwa imekazwa vile inafaa. Chini waliweka bamba la aluminiamu, ili vipimo visiyumbe vile plastiki huyumba.

Design safi kabisa. Mashine ikawa rahisi, na hii familia ya katriji ikaishi miaka mingi kwa kompyuta za maofisi.

Lakini mpira ni mpira. Ukikaa miaka 30, unalegea, unakatika, ama unang'ang'ania tepu na kubandua rangi yake ya sumaku. Waulize watu wanaofufua kompyuta za kitambo: wengi lazima wabadilishe huo mkanda kwanza kabla ya kujaribu kusoma chochote. Somo hapo ni chungu. Ukiweka kitu kinachozeeka haraka ndani ya kitu kinachopaswa kukaa milele, kile kinachozeeka ndicho kinaamua siku ya mazishi.

IBM wakapita njia nyingine. Mwaka wa 1984 wakatoa mfumo wa 3480: katriji ya mraba hivi, ndogo ya kushika kwa kiganja, yenye rili moja tu ndani na megabaiti 200. Rili ya pili iko ndani ya mashine. Faida unaiona? Boksi lote linajaa tepu badala ya nusu kuwa nafasi tupu inayongojea. Na vile vitu vigumu, kama mota na roli za kuongoza tepu, vinakaa kwa mashine ambayo fundi anaweza kurekebisha. Katriji inabaki kitu simple, na kitu simple kina njia chache za kuharibika.

Leo aina inayotawala soko inaitwa LTO, iliyoanzishwa na HP, IBM na Seagate. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 2000 ikiwa na gigabaiti 100. Nayo ina rili moja.

Pini ndogo, kazi kubwa

Rili ikiwa moja, kuna shida mpya: mashine itashika aje ncha ya tepu bila mkono wa mtu? Mifumo mingine ilitumia kitanzi cha plastiki kinachonaswa na ndoano. Kitanzi kikikosa kunasa, ama kikichomoka, tepu inapotelea ndani na wewe unabaki umeshika kiuno.

LTO waliweka pini ya chuma kwenye ncha ya tepu. Pini imekaa kwa kona ya katriji, imeshikwa na springi ndogo. Ukiingiza katriji, mashine inafungua mlango, inashika pini, inaivuta kupitia njia yote hadi kwa rili yake. Ukimaliza, inairudisha pale pale. Mambo ya biro yameisha.

Kuna kitu kingine utapenda. Katriji ikiwa nje ya mashine, rili imefungwa na breki ya meno. Ukiitikisa haizunguki. Hiyo ni kwa sababu tepu ikilegea ndani ya boksi, kingo zake zinajitokeza, na zikibanwa zinajikunja. Ndio maana mafundi huambiwa: katriji ikianguka sakafuni kwa kishindo, usiirudishe kwa mashine hivi hivi. Kwa nje inaweza kuonekana fiti, kumbe ndani rili imehama.

Laini 8,960 kwa upana wa kidole

Hapa sasa shikilia kiti.

Katriji ya LTO-9, iliyotoka 2021, inabeba terabaiti 18 bila kubana data. Hiyo ni simu zaidi ya 140 za gigabaiti 128. Ndani kuna tepu ya urefu wa mita 1,035, na unene wa maikromita 5.2. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya mara kumi. Upana wa tepu ni milimita 12.65, na kwa huo upana wamepanga laini 8,960 za data, sambamba, kama reni za barabara kuu isiyo na mwisho.

Mashine inaandika laini 32 kwa wakati mmoja. Kwa hivyo tepu inaenda hadi mwisho, inageuza, inarudi, inahamia laini zingine, inaenda tena. Piga hesabu: 8,960 gawanya kwa 32 ni safari 280. Kujaza katriji moja, tepu inakuwa imepita mbele ya hedi karibu kilomita 290. Hiyo ni zaidi ya nusu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, ndani ya boksi unayoweza kuweka kwa mfuko wa koti.

Na kila laini ina upana wa chini ya maikromita 1.5. Sasa fikiria tepu inapita kwa spidi ya baiskeli iliyokanyagwa vizuri, inayumba juu na chini kidogo, na hedi lazima ibaki juu ya laini yake bila kugusa ya jirani. Inawezekanaje?

Kiwandani, kabla hujainunua, tepu inachorwa alama maalum kwa mikanda mitano inayopita urefu wake wote. Ni vimistari vilivyolala pembe tofauti. Hedi ikipita, inapima muda kati ya kimistari kimoja na kingine. Muda ukiwa mrefu ama mfupi kuliko inavyotakiwa, hedi inajua imepotoka kwenda juu ama chini, na inajirudisha, mara nyingi sana kwa sekunde. Ni kama dere wa usiku anayeangalia ile rangi nyeupe ya kando ya barabara.

Ndio maana hii tepu haifutwi kwa sumaku kubwa ukitarajia kuitumia tena. Ukifanya hivyo unafuta na zile alama za kiwandani, na hapo katriji imekufa kabisa.

Inajisahihisha bila kuulizwa

Mwalimu mzuri anasahihisha ukiwa bado unaandika. Mashine ya LTO iko hivyo. Nyuma ya kila kiandikio kuna kisomaji, na kinachoandikwa kinasomwa papo hapo kabla tepu haijaenda mbali. Kama haisomeki sawa, inaandikwa tena mbele kidogo.

Juu ya hiyo, data haiandikwi peke yake. Inaongezewa hesabu za ziada na kutawanywa kwa laini tofauti, ili hata kama sehemu ya tepu imekwaruzwa, kilichokosekana kinaweza kukokotolewa kutoka kwa kilichobaki. Kwa LTO-8, watengenezaji wanatangaza kosa moja lisilorekebishika kwa kila biti zinazoandikwa 1 ikifuatwa na sufuri 19. Kwa lugha ya mtaa, ungesoma katriji zaidi ya laki moja zilizojaa kabla utarajie biti moja ikuangushe.

Pia kuna chipu ndogo kwa kona ya katriji. Inaongea na mashine kwa mawimbi ya redio bila kugusana, kwa masafa yale yale ya megahezi 13.56 ambayo kadi ya benki ya kugusa hutumia. Inakumbuka katriji imeingizwa mara ngapi, data iko wapi, na ilipata shida gani. Ni kama kitabu cha kliniki, mgonjwa akija daktari hajaanza kubahatisha.

Joto, unyevu na ile tepu inayonata

Usidhani hii kitu haina adui. Tepu ni plastiki, na plastiki inapanuka kukiwa na joto ama unyevu. Ni kidogo mno, lakini laini zako zikiwa na upana wa maikromita moja hivi, kidogo ni kingi. Kwa LTO-9, katriji mpya ikiingia kwa mashine mara ya kwanza, inapimwa kwanza ijulikane ikoje kwa mazingira hayo. Hiyo inaweza kuchukua hadi masaa mawili. Usipige simu kusema imekwama.

Kwa kuhifadhi muda mrefu, wanashauri joto la kati ya nyuzi 16 na 25, na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Msee wa Mombasa hapo ameshacheka, kwa sababu hewa ya Coast inapita hapo bila kujaribu. Kwa hivyo ofisi ya pwani inayoweka tepu kwa stoo bila mtambo wa kupooza na kukausha hewa inacheza pata potea.

Historia inatuonya. Tepu nyingi za miaka ya 70 na 80 zilitumia gundi iliyofyonza unyevu na kuanza kunata. Ukiicheza, inalia kama breki za mathree mbovu na kuacha uchafu kwa hedi. Mafundi hulazimika kuzipasha joto la chini, kama nyuzi 50, kwa masaa mengi, ndio zisomeke kwa muda mfupi waweze kunakili. Sio ya kujaribu na jiko yako ya nyumbani, tafadhali.

Adui mwingine ni haraka ya kompyuta yenyewe. Tepu inataka data ije mfululizo. Kompyuta ikiwa slow, mashine inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, mbele nyuma mbele nyuma. Mafundi huita hiyo kung'arisha viatu, sawa na yule jamaa wa brashi pale tao. Inachosha tepu bure, na ndio sababu mashine za sasa hupunguza spidi zilingane na kompyuta.

Adui mkubwa ana miguu miwili

Design yote hii inaweza kushindwa na binadamu mmoja. NASA walipotafuta tepu za asili za picha za Apollo 11, ile safari ya mwezini ya 1969, mwaka wa 2009 walisema kuna uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumiwa tena, kwa sababu wakati fulani tepu zilikuwa haba. Bahati ni kwamba nakala za matangazo ya televisheni zilikuwepo kwingine.

Zile rili za kompyuta za zamani zilikuwa na pete ya plastiki mgongoni. Pete ikitolewa, mashine inakataa kuandika. LTO ina kitufe cha kusukuma kinachofanya kazi hiyo, na kuna katriji zinazoandikwa mara moja tu, hazifutiki. Lakini kitufe hakisaidii kama hakuna mtu alikisukuma, na lebo haisaidii kama hakuna mtu aliisoma.

Kuna pia mtego wa vizazi. Mashine ya LTO-9 inasoma LTO-9 na LTO-8, basi. Katriji inaweza kukaa miaka 30 ikiwa sawa, lakini ukitupa mashine ya kuisoma, umebaki na pambo la kabati. Wanaojua kazi huhamisha data kwa kizazi kipya kabla mashine ya zamani haijaisha mtaani.

Sasa wewe na mimi tufanye nini?

Huhitaji kununua mashine ya tepu. Bei yake itakufanya ukae chini. Hii ni ya benki, stesheni za TV, hospitali na watu wa seva. Lakini akili iliyo ndani yake ni ya bure.

Moja, weka nakala tatu: ile unatumia, ya pili kwa kifaa tofauti, na ya tatu mahali pengine kabisa. Simu ikinyakuliwa Tom Mboya ama nyumba ikishika moto, usipoteze zote pamoja.

Mbili, angalau nakala moja isikae imeunganishwa na mtandao. Virusi vya kudai fidia vinafunga kila kitu vinachofikia, na haviwezi kufikia diski iliyo kwa droo ya matha. Hiyo ndiyo siri iliyookoa wale watu wa 2011.

Tatu, na hapa ndio wengi huanguka, jaribu kusoma nakala yako. Ile mashine haiamini imeandika hadi isome. Wewe ulinakili picha za harusi kwa flashi 2019, ukaiweka kwa kabati, na hujaifungua tangu siku hiyo. Huna nakala, buda. Una matumaini. Jioni ya leo ukifika kwa keja, itoe uifungue, uone kama bado iko na watu ndani.